Uzi wa Magunia

Elfu saba mkononi, na watoto ni watatu.
Mdogo elfu mbili, mkubwa elfu tano.
Hesabu hiyo hata Ng'washi, anayeburuta mkia darasani,
aliipata kabla yangu:
"Mama, wewe hutoshi."

Basi nikawasukuma mlangoni, mmoja baada ya mwingine,
Holo kamshika Ng'washi, Ng'washi kamshika Mhoja,
Mhoja kashika suruali yake isiyo na kifungo,
na turubai likawameza.

Uwanja wenyewe unaitwa Furahisha.
Jina halikunidai kiingilio.
Nikabaki nje na buku moja, nikanunua karanga,
nikazila punje kwa punje ili zifike saa mbili.
Upepo wa ziwa ukainua ukingo wa hema
nikaona miguu tu: viatu vya shule, kandambili,
kisigino kikikuna kisigino.
Sarakasi sikuiona. Niliisikia.
Tarumbeta. Kimya. Kisha watu mia tano wakavuta pumzi moja,
nami nikavuta nao
bila kujua tunaogopa nini.

Nyuma ya hema, penye jenereta na madumu,
binti alikuwa amekalia ndoo, akila ugali uliopoa na furu.
Miaka kumi na sita, labda.
Usoni poda ya dhahabu, kifundoni bendeji,
na vazi lake jekundu limepasuka
toka bega hadi kiuno.
"Shangazi," akaniita, kana kwamba tumeachana jana,
"una sindano?"

Sindano ninayo. Nashona magunia ya dagaa pale Mwaloni,
mwaka wa tisa huu,
na sindano yangu hulala kwenye pindo la kanga.
Lakini ni ya magunia: nene, imepinda ncha, ina njaa.
Na uzi ni ule ule, nailoni nyeupe.
"Itaonekana," nikamwambia.
"Huko juu," akasema, mdomo umejaa,
"hakuna anayetazama mshono.
Wanangoja nianguke."
Alisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Nikamshona akiwa ndani ya nguo.
Nikamwambia asipumue. Akapumua.
Nikamuuliza kwao wapi. Geita, huko ndani.
"Mama anajua nipo Mwanza,
chuo cha ushonaji."
Nikacheka hadi sindano ikamchoma.

Uzi niliukata kwa meno. Ulikuwa na ladha ya kazini.
Ndani kipaza sauti kikaita jina la malkia fulani,
kumbe ndiye yeye.
Akaenda akichechemea hadi kwenye pazia,
na pazia lilipofunguka
hakuwa anachechemea.

Ngoma ikakoma.
Nilihesabu, sindano ingali mkononi.
Nilifika thelathini na nne.
Halafu makofi, kama mvua ya ghafla juu ya bati,
na mate yangu yakapata njia ya kushuka.

Wakatoka. Mhoja alikuwa amelala tangu mwanzo,
nikambeba. Ng'washi alitaka pesa irudishwe:
simba hakuwa simba, ni mbwa kavishwa katani.
Holo hakusema neno
mpaka tulipofika kwenye mawe, tukipanda Kabuhoro,
taa za mitumbwi ya dagaa zimetapakaa chini yetu.

"Mama, kuna dada anaruka,
na mgongoni kachorwa radi. Nyeupe!
Akipinduka, nayo inapinduka."
"Radi?"
"Radi kabisa. Ila imekwenda upande."
"Imekwenda upande," nikasema, "kwa sababu alikuwa anapumua."

Hakunisikia. Alishapanda jiwe,
mikono juu, kichwa chini, gauni limemfunika uso.
Nikamdaka pindo, na vidole vyangu,
kwa mazoea tu, vikapima kitambaa.
Hiki hakifiki Pasaka.